Takwimu za miti katika ukadiriaji wa msongo wa joto mijini

Takwimu za miti katika ukadiriaji wa msongo wa joto mijini ni taarifa kuhusu mahali miti ilipo, aina yake, kimo chake, upana wa mwavuli wake na wingi wa majani yake, zinazoingizwa katika modeli za kompyuta ili kukadiria joto linalompata mtu anayeishi, anayetembea au anayefanya kazi mjini. Wataalamu wa hali ya hewa, wapangaji wa miji na watu wa afya ya jamii hutumia modeli hizo kuamua mahali pa kupanda miti, miti ipi ilindwe isikatwe, na mitaa ipi ina hatari kubwa wakati wa joto kali.

Umuhimu wa takwimu hizi unatokana na jambo moja: mwili wa binadamu hauhisi halijoto ya hewa peke yake. Watu wawili wakisimama hatua chache baina yao, mmoja juani na mwingine chini ya mwembe, wanavuta hewa yenye halijoto karibu ileile, lakini mzigo wa joto juu ya miili yao ni tofauti sana. Modeli isiyojua kwamba mwembe upo, au inayojua upo bila kujua una majani kiasi gani, haiwezi kuiona tofauti hiyo.

## Msongo wa joto

Msongo wa joto ni hali ambapo mwili unapokea au kuzalisha joto zaidi ya lile unaloweza kulitoa. Kwa kawaida joto la ndani ya mwili hukaa karibu na 37 °C. Likianza kupanda, moyo huenda mbio na jasho hutoka. Hali ikiendelea, mtu huumwa kichwa, hupata kizunguzungu, huchanganyikiwa na hata kufa. Walio hatarini zaidi ni wazee, watoto wachanga, wajawazito, wagonjwa wa moyo na figo, na wote wanaofanya kazi nzito nje. Katika majira ya joto ya mwaka 2003 watu zaidi ya 70,000 walikufa barani Ulaya kuliko ilivyotarajiwa kwa miezi hiyo.

Mambo manne ya mazingira huamua msongo huo: halijoto ya hewa, unyevu hewani, kasi ya upepo na mnururisho, yaani mionzi inayoufikia mwili kutoka juani, angani, ardhini na kutani. Jumla ya mionzi hiyo yote hutajwa kwa kipimo kinachoitwa wastani wa halijoto ya mnururisho. Mchana wa jua kali kipimo hicho kinaweza kuizidi halijoto ya hewa kwa 20 °C hadi 30 °C mahali pa wazi, wakati kivulini kinakaribiana nayo.

Kuna fahirisi kadhaa zinazounganisha mambo hayo manne kuwa namba moja. Iliyo ya zamani na inayotumika sana kazini ni WBGT, iliyotungwa nchini Marekani katika miaka ya 1950 ili kuwalinda askari waliokuwa wakifanya mazoezi juani. Kwa mahali penye jua hukokotolewa hivi:

WBGT = (0.7 × halijoto ya balbu nyevu) + (0.2 × halijoto ya tufe jeusi) + (0.1 × halijoto ya hewa)

Balbu nyevu ni kipimajoto kilichofungwa kitambaa kibichi, nacho huonyesha uwezo wa jasho kukauka. Tufe jeusi ni kipimajoto kilicho ndani ya tufe la madini lililopakwa rangi nyeusi, nacho huonyesha nguvu ya mnururisho.

Tuseme hewa ina 32 °C. Juani balbu nyevu inasoma 27 °C na tufe jeusi 45 °C. WBGT itakuwa 18.9 + 9.0 + 3.2 = 31.1 °C. Chini ya mti wenye majani mengi, hewa ikiwa ni ileile ya 32 °C, balbu nyevu ikasoma 26 °C na tufe jeusi 33 °C, WBGT itakuwa 18.2 + 6.6 + 3.2 = 28.0 °C. Kiwango cha kimataifa cha ISO 7243 huweka 28 °C kuwa kikomo cha marejeo kwa mfanyakazi aliyezoea joto anayefanya kazi ya wastani. Katika mfano huu, fundi aliye juani amevuka kikomo na aliye kivulini yuko kwenye mpaka wake, ingawa kipimajoto cha kawaida kingesema wote wawili wako katika joto moja.

Fahirisi nyingine ni halijoto linganifu ya kifiziolojia, maarufu kwa kifupi PET, iliyotokana na kazi ya wataalamu wa Ujerumani, na UTCI, iliyoandaliwa na wataalamu wa nchi nyingi na kutolewa mwanzoni mwa karne ya 21. Zote mbili hutumika sana katika modeli za mitaa.

## Jinsi miti inavyopunguza joto

Miti hupunguza joto kwa njia kuu mbili.

Njia ya kwanza ni kivuli. Majani hunyonya sehemu ya mionzi ya jua, hurudisha sehemu nyingine angani, na kuacha kidogo tu kipite hadi chini. Kivuli hicho humkinga mtu mwenyewe, na pia hukinga lami, saruji na kuta zisipate moto na kuanza kutoa joto lao kuelekea kwa mpita njia.

Njia ya pili ni utoaji wa mvuke. Mizizi huvuta maji ardhini, na majani huyatoa kama mvuke kupitia vitundu vidogo viitwavyo stomata. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke huhitaji nishati ya megajuli 2.45 hivi. Mti ukitoa lita 100 kwa siku, hutumia megajuli 245, sawa na jiko la umeme la kilowati 1 likiwaka kwa saa 68. Nishati hiyo isingetumika kukausha maji, ingepasha hewa na ardhi.

Njia hizi mbili hazina uzito sawa kila mahali. Katika miji yenye hewa kavu na maji ya kutosha ardhini, utoaji wa mvuke una nafasi kubwa. Katika miji ya pwani yenye unyevu mwingi, kama ilivyo Dar es Salaam, Mombasa au Freetown, hewa tayari imeshiba mvuke na kivuli ndicho chenye kazi kubwa. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba mchana hewa ndani ya bustani za miji ilikuwa na ubaridi wa wastani wa takriban 0.9 °C tu kuliko nje yake. Ndiyo sababu anayepima faida ya miti kwa halijoto ya hewa peke yake huiona ndogo kuliko ilivyo kwa mtu aliye barabarani.

## Historia

Mwaka 1818 mwanasayansi Mwingereza Luke Howard alianza kuchapisha vipimo vyake vya hali ya hewa ya London, akaonyesha kwamba usiku katikati ya mji kulikuwa na joto zaidi kuliko mashambani. Jambo hilo baadaye liliitwa kisiwa cha joto cha mji.

Upande wa majani ulitoka katika kilimo. Mwaka 1947 D. J. Watson wa Uingereza alipendekeza kupima eneo la majani ya mazao kwa kulilinganisha na eneo la ardhi yanapoota. Mwaka 1953 Wajapani Masami Monsi na Toshiro Saeki walieleza kwa hesabu jinsi mwanga unavyopungua unaposhuka kupitia tabaka za majani. Mawazo hayo, yaliyokusudiwa kueleza ukuaji wa mimea, ndiyo yanayotumika leo kukadiria kivuli cha mti wa mtaani.

Kuanzia miaka ya 1990 kompyuta ziliwezesha kuunganisha majengo, miti, upepo na mionzi katika hesabu moja.

## Takwimu zinazohitajika

### Mahali, aina na umbo

Taarifa ya msingi ni mahali mti ulipo, kwa latitudo na longitudo, pamoja na spishi yake. Kisha hufuata kimo cha mti, upana wa mwavuli wake, na urefu wa shina kutoka ardhini hadi tawi la kwanza. Kipimo hiki cha mwisho husahauliwa mara nyingi, lakini kina maana: mnazi mrefu na mkungu mfupi wenye upana sawa hawatupi kivuli mahali pamoja, na upepo hupita kwa urahisi chini ya mti wenye shina refu.

Unene wa shina hupimwa kwa desturi kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini. Mpimaji huzungusha utepe na kugawanya mzingo kwa 3.14. Mzingo wa sentimita 157 una kipenyo cha sentimita 50. Kwa spishi zilizochunguzwa vizuri kuna milinganyo inayokadiria kimo na wingi wa majani kutokana na kipenyo hicho.

### Wingi wa majani

Kipimo kikuu ni fahirisi ya eneo la majani, yaani jumla ya eneo la upande mmoja wa majani yote ikigawanywa kwa eneo la ardhi lililofunikwa na mwavuli. Mwarobaini unaofunika mita za mraba 40 na wenye majani ya jumla ya mita za mraba 160 una fahirisi ya 4.

Modeli zenye pande tatu huhitaji pia msongamano wa majani, yaani eneo la majani katika kila mita ya ujazo ya mwavuli. Ikiwa mwavuli wa mwarobaini huo una kina cha mita 5, msongamano wake wa wastani ni 160 ÷ (40 × 5) = 0.8.

Mwanga unaopita hukadiriwa kwa kanuni ya Monsi na Saeki, ambapo kila tabaka la majani hupunguza sehemu ileile ya mwanga uliobaki. Kwa kigezo cha upunguzaji cha 0.5, kinachotumika mara nyingi, matokeo ni haya:

* fahirisi 1: hupita asilimia 61 ya mwanga
* fahirisi 2: hupita asilimia 37
* fahirisi 3: hupita asilimia 22
* fahirisi 4: hupita asilimia 14
* fahirisi 5: hupita asilimia 8

Orodha hii inaonyesha kwamba mti uliopunguzwa matawi hadi nusu ya majani yake haupotezi nusu ya kivuli kwa hesabu nyepesi. Ukishuka kutoka fahirisi ya 4 hadi 2, jua linalompata aliye chini yake huongezeka karibu mara tatu.

### Majira

Majani hubadilika katika mwaka. Vipimo vilivyofanywa Göteborg, Uswidi, na kuchapishwa mwaka 2014 vilionyesha kwamba miti ya mjini yenye majani ilipitisha asilimia 1.3 hadi 5.3 tu ya mionzi ya jua ya moja kwa moja, lakini baada ya kupukutisha majani ilipitisha kati ya asilimia 40 na 52.

Katika nchi za tropiki kupukutika hakufuati baridi bali ukame na tabia ya spishi. Mbuyu hukaa mtupu miezi mingi ya kiangazi, mjakaranda hupukutisha majani karibu na wakati wa kutoa maua, na mkungu hugeuka mwekundu na kuangusha majani kisha kuchipua tena. Mwembe na mfenesi hubaki na majani mwaka mzima. Kwa hiyo orodha ya miti isiyotaja spishi haiwezi kusema kama kivuli kitakuwapo katika miezi ambayo joto ni kali zaidi.

## Njia za kukusanya takwimu

Sensa ya miti hufanywa kwa miguu, mti kwa mti. Hutoa taarifa bora kuhusu spishi na afya ya mti, lakini huchukua muda na watu wengi, na kwa kawaida huishia kwenye miti ya barabara na bustani za umma. Miti iliyo ndani ya nyua za watu hubaki nje ya hesabu.

Picha za satelaiti hufunika mji wote kwa mara moja. Hutumia tabia ya majani mabichi ya kunyonya mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mionzi ya infraredi iliyo karibu na mwanga huo. Kutokana na tofauti hiyo hukokotolewa fahirisi ya uoto, NDVI: infraredi toa nyekundu, gawanya kwa infraredi jumlisha nyekundu. Mahali panaporudisha infraredi 0.45 na nyekundu 0.05 pana NDVI ya 0.8, dalili ya majani mengi. Satelaiti za Sentinel-2 za Ulaya, ya kwanza ikiwa ilirushwa mwaka 2015, huona vipande vya mita 10 kwa 10. Zile za Landsat za Marekani huona vipande vya mita 30 kwa 30. Picha za zote mbili hupatikana bila malipo.

Udhaifu wa NDVI ni kwamba inaona ubichi, haioni kimo. Uwanja wa nyasi unaomwagiliwa unaweza kupata alama sawa na kichaka cha miembe, ingawa hakuna awezaye kukaa kivulini mwa nyasi. Tena mti mmoja uliosimama kati ya mapaa ya bati humezwa ndani ya kipande kimoja cha picha na kuonekana kama haupo.

Lida ni chombo kinachobebwa na ndege au droni na kutuma mapigo ya leza kuelekea ardhini. Mapigo mengine hurudi kutoka kwenye majani ya juu, mengine hupenya hadi ardhini, na tofauti ya muda hutoa kimo cha mti na umbo la mwavuli. Ni njia sahihi lakini ya gharama, na ikirushwa wakati miti haina majani hutoa picha ya mji usio na kivuli.

Picha kutoka chini hupigwa kwa lenzi pana inayotazama juu. Hugawanya duara la anga kati ya majani, majengo na anga wazi, na hivyo hutoa kadirio la fahirisi ya majani pamoja na sehemu ya anga inayoonekana, ambayo ni namba kati ya 0 na 1. Simu ya mkononi yenye lenzi ya nyongeza inaweza kufanya kazi hiyo.

Ramani za kujitolea, hasa OpenStreetMap, huruhusu mtu yeyote kuweka mti mmojammoja pamoja na spishi na kimo chake. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 ulitumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa kuchora nyumba, mifereji na njia kwa ajili ya kukabili mafuriko. Ramani za majengo za namna hiyo ni nusu ya mahitaji ya modeli ya joto. Nusu nyingine ni miti.

## Modeli zinazotumia takwimu za miti

* RayMan, iliyotengenezwa Ujerumani na Andreas Matzarakis, hukokotoa mnururisho na fahirisi kama PET kwa sehemu moja, ikitumia umbo la majengo na miti iliyoizunguka au picha ya anga.
* ENVI-met, ya Michael Bruse wa Ujerumani, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1998, hugawanya mtaa kuwa visanduku vidogo vya pande tatu. Kila kisanduku chenye majani hupewa msongamano wake, na modeli hukokotoa kivuli, mvuke na upepo kwa pamoja. Hutoa picha kamili lakini huhitaji muda mrefu wa kompyuta, hivyo hufaa mtaa na si mji mzima.
* SOLWEIG, ya Chuo Kikuu cha Göteborg, iliyochapishwa mwaka 2008, hukadiria wastani wa halijoto ya mnururisho kwa eneo kubwa. Huhitaji ramani mbili za kimo, moja ya ardhi na majengo na nyingine ya miavuli ya miti, pamoja na kiwango cha mionzi inayopita majanini. Ni programu huria.
* i-Tree, ya Idara ya Misitu ya Marekani na washirika wake, iliyotolewa mwaka 2006, hugeuza orodha ya miti kuwa makadirio ya eneo la majani, uchafu wa hewa unaoondolewa na nishati inayookolewa majumbani.

Matokeo ya modeli hulinganishwa na vipimo vya mtaani kabla ya kuaminiwa. Mjini Madison, Marekani, watafiti walifunga vitambuzi vya joto kwenye baiskeli na kupita mitaani mara nyingi. Matokeo yao ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba ubaridi wa mchana huongezeka zaidi pale ambapo miavuli ya miti inafunika asilimia 40 au zaidi ya eneo la karibu. Maana yake ni kwamba miti iliyosambazwa mmojammoja mji mzima inaweza kuleta nafuu ndogo kuliko idadi ileile ikikusanywa mitaa michache.

## Mifano ya miji

New York imehesabu miti ya barabarani kila baada ya miaka kumi: 1995, 2005 na 2015. Katika sensa ya 2015 watu zaidi ya 2,200 waliojitolea walisaidia kuhesabu zaidi ya miti 660,000, na orodha nzima iko wazi kwa umma.

Melbourne, Australia, ilipata pigo la ukame mrefu uliomalizika mwaka 2009, na miti mingi ya mji ikadhoofika. Mkakati wa mwaka 2012 uliweka lengo la kuongeza eneo linalofunikwa na miti katika maeneo ya umma kutoka asilimia 22 hadi 40 ifikapo mwaka 2040. Kila mti ulipewa namba na anwani ya barua pepe ili wakazi waripoti matatizo. Watu wengi waliitumia kuiandikia miti barua za mapenzi.

Freetown, Sierra Leone, ilianza mwaka 2020 kampeni ya kupanda miti milioni moja. Watunzaji hulipwa kwa kupiga picha ya kila mche na kuonyesha mahali ulipo, tena na tena, ili ijulikane upi uko hai. Lengo la kwanza lilikuwa kuzuia maporomoko na mmomonyoko, lakini kumbukumbu za namna hiyo zinafaa pia kwa hesabu za joto.

Dar es Salaam imechunguzwa kwa RayMan na kwa ENVI-met. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulilinganisha maeneo manne ya majengo mafupi, ya kati na marefu. Maeneo ya majengo mafupi ndiyo yaliyokuwa na msongo mkubwa mchana, kwa sababu kuta fupi hazitoi kivuli cha kutosha. Miti yenye majani mengi ilipunguza msongo, lakini watafiti walionya kwamba inaweza kuzuia upepo, ambao katika mji wa pwani wenye unyevu ni kitulizo kikubwa.

Nairobi ilipimwa joto mwaka 2015 na 2016 kwa vitambuzi vilivyowekwa katika makazi yasiyo rasmi, yakiwemo Kibera. Halijoto huko ilizidi mara kwa mara ile ya kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti kwa nyuzi kadhaa. Watafiti waliihusisha tofauti hiyo na hali ya ardhi, ukiwemo uchache wa uoto. Anayesikiliza taarifa ya hali ya hewa katika makazi hayo husikia joto la mahali pengine.

## Usawa kati ya mitaa

Miti haijagawanywa sawa. Utafiti wa mwaka 2020 katika miji 108 ya Marekani uliangalia mitaa ambayo katika miaka ya 1930 iliwekwa alama nyekundu kwenye ramani za mikopo ya nyumba, mingi ikiwa ya watu weusi. Katika asilimia 94 ya miji hiyo, mitaa hiyo bado ilikuwa na joto zaidi la uso wa ardhi, wakati mwingine kwa 7 °C, na ilikuwa na miti michache.

Takwimu zenyewe zinaweza kuongeza pengo hilo. Sensa nyingi huanza na barabara kuu na bustani, ambazo ziko zaidi katika mitaa ya wenye nacho. Mwarobaini ulio kati ya vibanda, ambao chini yake mama lishe anapika, fundi cherehani anashona na watoto wanacheza, hauna namba wala mahali kwenye ramani. Mradi wa barabara au mfereji ukifika, modeli itaonyesha kwamba kuukata hakubadilishi chochote, kwa sababu katika modeli haukuwapo. Kwa sababu hiyo baadhi ya wataalamu hupendekeza kuanza hesabu pale palipo na watu wengi nje na miti michache, na kuwashirikisha wakazi wanaojua kila mti kwa jina.

## Mipaka na makosa ya kawaida

Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 kuhusu miji 93 ya Ulaya ulikadiria kwamba miti ingefunika asilimia 30 ya kila mji, hewa ingepoa kwa wastani wa 0.4 °C na vifo 2,644 vya majira ya joto ya mwaka 2015 vingeepukika. Makadirio ya aina hii hutegemea halijoto ya hewa, na hivyo hayaonyeshi moja kwa moja nafuu ya kivuli juu ya mwili.

Makosa yanayotajwa mara nyingi ni haya:

* Kuhesabu miche kama miti. Mche wa mwaka mmoja hauna kivuli, na mingi hufa kabla ya kukua.
* Kutumia fahirisi moja ya majani kwa spishi zote, kwa kawaida iliyopimwa Ulaya au Marekani Kaskazini.
* Kudhani mti una maji. Wakati wa ukame stomata hufunga na utoaji wa mvuke hupungua, hata majani yakiwa bado mabichi.
* Kusahau usiku. Mwavuli mzito huzuia joto la ardhi lisitoroke kuelekea angani, hivyo chini yake panaweza kubaki na joto kidogo zaidi kuliko mahali wazi.
* Kutumia takwimu za zamani. Mti uliokatwa mwaka uliopita huendelea kutoa kivuli ndani ya kompyuta.

Kosa hili la mwisho ndilo jepesi kusahihisha, kwa kuwa halihitaji chombo chochote isipokuwa mtu wa kwenda kuangalia. Miji inayohuisha orodha zake kila mwaka, pamoja na kuandika miti iliyokufa na iliyokatwa, hupata makadirio yanayokaribiana zaidi na joto ambalo wakazi wake wanalihisi.